Ruti Haina Makumbusho

Hai Amarat ni mtaa wa Juba, na jina lake limebeba maneno mawili ambayo Mswahili anayo tayari, ila anayatumia kwa kazi nyingine. Hai, kwa Kiarabu, ni chenye uhai na pia ni mtaa. Sisi tulichukua uhai tukauacha mtaa. Amarat ni majengo makubwa, na mzizi wake ndio uliotupa imara na umri, na ukatupa mimari, jina la kale la mjuzi wa kujenga. Khartoum nayo ina mtaa wa Amarat. Basi mtu wa Tanga au wa Bungoma akifika Juba, jina hili halimpi taabu ya kulitamka. Taabu iko kwenye maana.

Taabu hiyo huzidi akifika penye magari. Kondakta hana ramani. Ana mdomo, na kazi yake ni kutaja mwisho wa safari: Custom, Jebel, Konyo Konyo, Gudele, Munuki, Gumbo. Custom ni forodha. Jebel ni mlima, ndugu wa jabali letu, na mlima wenyewe, Jebel Kujur, unaonekana magharibi ya mji. Halafu kuna Mia Saba. Mgeni aliyezoea stendi za Mwanza au Nakuru anaweza kudhani ametajiwa nauli, akaanza kupapasa mfuko. Kumbe ametajiwa mtaa. Tena hata kwa hesabu hajakaribia, maana Mia Saba ya Juba ni 107. Kiswahili hudai "na" katikati: mia na saba. Kiarabu cha Juba kimeimeza, na silabi hiyo moja ina thamani ya 593.

Nimesimama kwenye majina haya kwa sababu anayetaka kuandika historia ya ruti ya basi katika miji yetu hana pengine pa kuanzia. Reli ina stesheni za mawe, ina vitabu vya mahesabu, ina tarehe ya kuzinduliwa na picha ya gavana akikata utepe. Ruti ya daladala au matatu huzaliwa siku dereva anapogundua kwamba abiria wapo, hurefuka pale mji unaporefuka, na hufa mvua ikila barabara. Leseni hutupwa, gari huuzwa vyuma chakavu, kondakta hugeukia kazi nyingine. Kinachobaki ni maneno: jina la gari, jina la kituo, jina la nauli, jina la yule anayeikusanya. Ruti haina makumbusho, ina msamiati.

Tuanze na usafiri wenyewe. Kwa Kiarabu cha Sudan, na cha nchi nyingine nyingi, usafiri wa umma ni muwasalat. Mzizi wake ni ule ule wa kuwasili na kuwasiliana. Waarabu waliupeleka kwenye magari, sisi tukaupeleka kwenye simu na barua. Kampuni ya mabasi ya Oman ilibadili jina mwaka 2015 ikajiita Mwasalat, na Waswahili wa Muscat wanaipanda kila siku. Qatar nayo ina Mowasalat yake. Sasa nenda Dar es Salaam, eneo la Ubungo, ukatafute kituo cha daladala kinachoitwa Simu 2000. Vibao vya magari yanayokwenda huko vimeandikwa Mawasiliano. Jina hilo lilitokana na mambo ya simu, wala hakuna aliyefikiria Kiarabu alipolibandika kwenye kioo cha mbele. Lakini Mwarabu wa Juba akiliona atasema hawa watu wana akili: wameandika "usafiri" kwenye gari la usafiri.

Basi lenyewe lina kisa cha kufanana. Kiarabu sanifu huliita hafila, kutoka mzizi wa kukusanyika, na mzizi huo ndio uliotupa hafla. Kwetu hafla ina kadi, maturubai na mgeni rasmi. Kule hafila ina viti, mlango na mafuta ya dizeli. Aliyewahi kusimama saa kumi na mbili jioni ndani ya gari la Gongo la Mboto, kiwiko cha mtu kikiwa ubavuni mwake na kuku wa mtu mwingine miguuni, hatakataa kwamba hilo nalo ni kusanyiko. Mahali gari linaposimama, Wasudani wanapaita mawgif, kutoka mzizi wa kusimama. Sisi tuliuchukua mzizi huo kwa njia ya dini: wakfu ni mali iliyosimamishwa, haiuzwi wala hairithiwi.

Si ajabu kwamba Kiarabu na Kiswahili vinakutana namna hii barabarani. Juba na miji ya Afrika Mashariki zimebadilishana watu kwa zaidi ya miaka mia. Mwaka 1891 Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta, kuondoka, akawaingiza Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo, na ndio Wanubi wa Kibera, mtaa ambao jina lake linatokana na neno la Kinubi la msitu. Kinubi chao na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo kondakta wa Nairobi anayepiga kelele "Kibera!" anatangaza neno lililotoka upande wa Juba, na hajui.

Baada ya nchi kavu, tuangalie maji. Maneno mazito ya basi katika Kiswahili hayakuzaliwa barabarani. Nauli ilikuwa malipo ya chombo cha baharini, na Waarabu wenyewe waliipata kwa Wagiriki. Abiria ni wavukaji. Kuabiri ni kusafiri majini. Usukani ulikuwa ubao wa nyuma ya jahazi kabla haujawa duara mbele ya dereva. Watu wa pwani walipoletewa gari walilipokea kama chombo kingine, wakalivisha msamiati wa dau na jahazi. Ila kituo ni chetu kabisa: kinatoka kwenye kutua, pale mpagazi alipoteremsha mzigo kichwani akapumua. Kila anayesema "nauli ya kituo kimoja" anachanganya bahari na njia ya misafara ya bara katika sentensi moja.

Juba inaupa msamiati huu ushahidi wa peke yake, kwa kuwa mji huo ulikuwa mwisho wa meli kabla haujawa mwanzo wa basi. Meli za mto ziliupanda Nile Nyeupe kutoka Kosti zikaishia hapo, kwani kusini yake mto una maporomoko, na ya Fola, karibu na Nimule, hayana mzaha. Enzi za ukoloni msafiri aliyetoka Uganda alikuja kwa meli ya mto hadi Nimule, akateremka, akapandishwa gari hadi Juba. Ruti ya Juba na Nimule ilianzia hapo, pale chombo cha maji kiliposhindwa kikamkabidhi abiria kwa chombo cha magurudumu. Barabara hiyo, kilomita 192, ilitiwa lami ikakamilika mwaka 2012, ikiwa barabara kuu ya kwanza ya lami ya kuunganisha miji katika Sudan Kusini. Pamoja na saruji, unga na ndizi, ilipitisha maneno.

Neno lililopita kwa kasi kuliko yote ni boda. Lilizaliwa mpakani Busia, kwa waendesha baiskeli waliowavusha watu kati ya Kenya na Uganda wakitangaza mpaka kwa mpaka. Likahamia kwenye pikipiki, likapanda kaskazini, na leo mtu wa Hai Amarat anayetaka kuwahi anaita boda kama anavyoita mtu wa Kisumu. Mwaka 2013 ilitoka amri Juba ya kuwazuia wageni kuendesha bodaboda. Amri iliwagusa waendeshaji, neno halikuguswa. Pikipiki ya magurudumu matatu, kwa upande wake, ilipokewa kwa jina tofauti kila mji. Dar ni bajaji, kwa jina la kiwanda cha India. Mombasa na Nairobi ni tuktuk, kwa mlio wake. Juba ni raksha, neno lililotoka Japani likapitia India. Chombo kimoja, majina matatu, na kila jina linakuonyesha lilikopitia.

Magari makubwa kidogo yalipata majina kwa fedha. Matatu ni sarafu: nauli ya senti thelathini, yaani mapeni matatu, iliyotozwa na magari ya watu binafsi Nairobi. Mabasi ya umma ya jiji hilo yalianza mwaka 1934, magari 13 katika ruti 12, na kwa miaka mingi matatu zilikuwa za kujificha, hadi Rais Kenyatta alipoziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni ya uchukuzi. Dar es Salaam ikafuata mkondo huo huo kwa miaka kumi ya kuchelewa. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, shirika la mabasi la UDA likaundwa mwaka 1974, magari yakapungua huku watu wakiongezeka. Mwaka 1983 serikali ikakubali kuyapa vibali magari ya watu binafsi, nauli ikiwa shilingi tano. Sarafu ya shilingi tano ilikuwa ikiitwa dala. Konda akaita "dala! dala!", na jina likagandia kwenye gari.

Nauli hizo zimekufa zamani. Senti thelathini hazinunui hata peremende, na dala imeshakuwa kitu cha kuwaonyesha watoto. Lakini matatu na daladala zinaendelea kubeba kumbukumbu ya bei ya siku ile. Mwanahistoria wa uchumi akikosa jalada, akasikilize stendi.

Mkusanya nauli naye ana majina yake. Tanzania ni konda, na mwenzake wa lori ni utingo au tandiboi. Sudan ni kumsari. Kenya ni makanga au manamba, na hili la mwisho lina historia ndefu kuliko linavyoonekana. Manamba wa Tanganyika ya mkoloni walikuwa vibarua waliosafirishwa kwa mkataba kwenda kwenye mashamba ya mkonge, kila mmoja akijulikana kwa namba yake. Manamba wa Nairobi ni kijana anayetangaza namba ya gari. Wa kwanza alihesabiwa. Wa pili anahesabu. Neno moja limeishi maisha mawili kwenye nchi mbili, na yote mawili ni ya mtu anayeamka kabla ya jua kwa ujira mdogo.

Namba hizo za Nairobi zimefanya jambo ambalo sijaliona likifanywa na wizara yoyote ya ardhi: zimeipa mitaa majina. Githurai 44 na Githurai 45 ni makazi mawili yaliyopata majina kwa namba za ruti za mabasi. Kawangware kuna 46, na mtu hukwambia anakaa "fote siksi" kwa utulivu wa mtu anayetaja kijiji cha babu yake. Unguja pia ina utaratibu wake wa namba, 502 ya Bububu na 505 ya uwanja wa ndege, na mwenyeji akitaja namba hahitaji kuongeza kitu.

Dar es Salaam haikutumia namba, ilitumia neno mwisho. Temeke Mwisho, Kimara Mwisho: hapo ndipo basi lilipogeuzia, kondakta akashuka kunywa chai, na mbele yake kulikuwa na mashamba. Leo mji umevipita vituo hivyo zamani. Kimara imezidiwa na Mbezi, kilipo kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilichozinduliwa mwaka 2021, na nyumba zinaendelea hadi Kibaha. Mwisho umebaki katikati. Mtu anayetaka kujua mji ulifika wapi wakati wa mabasi ya zamani hahitaji picha ya angani. Atafute kila kituo chenye jina la Mwisho, avichoree mstari.

Vituo pia vina tabia ya kuishi kuliko vilivyovizaa. Nairobi ina steji ya OTC, ilhali kampuni ya mabasi ya OTC haipo barabarani tena. Ina Odeon, jina la ukumbi wa sinema. Juba nayo ina Hai Cinema, mtaa mzima uliopewa jina kwa sababu hiyo hiyo. Abiria anayesema "nishushe Cinema" hafikirii filamu, kama vile wa Nairobi anayesema "Odeon" hafikirii tiketi ya dirishani. Jina limeacha kuwa la jengo likawa la mahali pa kukanyaga chini.

Na hapo pa kukanyaga chini ndipo Juba inapomtia mgeni wasiwasi. Sudan Kusini huendesha kulia. Sudan ilihamia upande huo mwaka 1973, na nchi mpya ikarithi. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Lakini magari mengi madogo ya abiria yanayofika Juba yanatoka upande wetu, au yanapitia Mombasa, na usukani wake uko kulia. Kwa hiyo mlango wa abiria uko kushoto, na gari likisimama kando ya barabara, mlango unafungukia katikati ya barabara. Mwangalie mama mwenye kapu anavyoshuka: mguu mmoja umetangulia, mkono umeshika nguzo ya mlango, shingo imegeukia nyuma kutazama boda inayokuja. Kondakta ananyoosha mkono kuizuia, kiganja wazi. Nchi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Mwili wa abiria ulijiunga mapema zaidi, kwa kujifunza kushukia upande usiotakiwa.

Sasa tuje kwa watunzi wa istilahi, ambao nawaheshimu, na kwa sababu nawaheshimu nitasema nao wazi. Neno la kiofisi la mkondo wa safari ya basi ni njia. Neno hilo limeshachoka. Njia ni uchochoro wa kwenda kisimani, ni barabara kuu, ni namna ya kufanya jambo. Mkaguzi akiandika kwamba gari "limeacha njia", msomaji anaweza kuelewa kwamba limepinduka mtaroni. Stendi imetatua tatizo hili zamani: inasema ruti. Ruti ni mkondo ulioandikwa kwenye leseni na kuchorwa ubavuni mwa gari. Dar es Salaam kosa la gari kuwashusha watu kabla ya mwisho wa safari linaitwa kukatisha ruti, na mamlaka zenyewe zinalitumia zinapotoza faini. Kama neno limeshatoza faini, limekomaa kuingia kamusini bila kuomba radhi.

Mfano mwingine ni mradi wa Dar es Salaam ulioanza kazi Mei 2016. Jina lake la kiofisi ni mabasi yaendayo haraka. Ni maelezo sahihi, lakini hakuna anayesema "nimekosa basi liendalo haraka". Watu wakasema mwendokasi, neno ambalo hadi siku ile lilikuwa la trafiki, tena la lawama: ajali imetokea kwa sababu ya mwendokasi. Kosa likapandishwa cheo likawa huduma. Hakuna kamati ambayo ingethubutu, na hakuna kamati inayoweza kulirudisha sasa.

Sisemi kwamba kila kinachosemwa stendi ni dhahabu. Kampala huliita gari la abiria kumi na wanne taksi, na taksi yenyewe wakalazimika kuiita speshali. Ukilipeleka hilo Arusha utagombana na dereva. Tofauti za namna hiyo zinahitaji mtu wa kukaa mezani na kuzipanga. Lakini mpangaji apange kilichokusanywa, na mkusanyaji aende kwanza kwenye vumbi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, sasa ina mwanachama ambaye Kiarabu chake kimelala chini ya nusu ya maneno yetu ya usafiri. Kazi ya kupeleka walimu wa Kiswahili Juba ni njema. Kazi ya kupeleka wakusanyaji wa maneno, wakakaa Custom na Konyo Konyo na daftari, ni ya haraka zaidi, kwa sababu vituo hubadilika kila barabara inapotengenezwa.

Na wewe msomaji una ruti yako. Chukua karatasi, uandike vituo vyake vyote kwa mpangilio, kuanzia unapopandia hadi gari linapogeuza. Kando ya kila kituo andika jina limetoka wapi: mti, baa, kiwanda, sinema, mtu, namba. Usilolijua muulize mzee anayekaa siti ya mbele, au konda aliyeanza kazi zamani. Kisha tarehe iwekwe juu ya karatasi. Majina hayo hayamo katika jalada lolote la jiji, na wanaoyajua asili yake wanazidi kupungua.